Fundi Aliyeitwa Hananini

Jina la kuzaliwa analo, tena zuri, lakini ukiliulizia mtaani utazunguka mpaka viatu viishe soli. Uliza Hananini, fundi cherehani wa sare za shule, na hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akufikishe. Wanaolitumia jina hilo ni wengi, wanaojua lilikotoka hawajai benchi. Alilipata akiwa na miaka arobaini na mmoja, kwa kosa la sekunde moja, akiwa peku mbele ya watu ishirini.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa samahani. Mteja akileta kitambaa kifupi, samahani. Akikanyagwa sokoni, yeye ndiye anayeomba radhi. Alikuwa mjane, ana binti mmoja na cherehani moja ya miguu, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba wateja walilazimika kuinama juu ya meza ili wamsikie. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kufoka. Maiti hasemwi vibaya, basi tuseme tu kwamba mwenyewe alizikwa, kufoka kwake kukabaki nyumbani.

Binti alipofika darasa la sita akaanza kujifunza taekwondo, ule mchezo wa mateke na ngumi wa Wakorea. Walifanyia mazoezi kwenye stoo ya zamani ya magunia, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Sakafuni palikuwa na maranda ya mbao yaliyofunikwa kwa turubai, ukutani kioo chenye ufa, mlangoni ndoo ya maji na tambara la kufutia miguu. Viatu vilipangwa nje mstari mmoja, vidole vikitazama barabarani. Mwalimu ndiye mwenye karakana. Mchana alichomelea mageti, jioni alivua miwani myeusi na kuvaa vazi jeupe la mchezo. Alifundishwa ujanani na mhandisi Mkorea aliyekuja kujenga barabara, na wanafunzi walimwita Sabum, yaani mwalimu kwa Kikorea.

Mama mtu alimsubiri bintiye nje, kakalia tofali, akipinda pindo za sketi. Siku moja mvua ikamwagika ghafla. Akakumbatia kitambaa chake, akaingia na kujibanza ukutani.

"Karibu, mama," Sabum akamwambia. "Ila humu tuna sheria. Aliye ndani anafanya, anayetazama anakaa nje."

Mama akaitazama mvua, akalitazama turubai. "Samahani," akasema, akavua viatu.

Akawekwa mstari wa nyuma, karibu na katoto ka miaka minane kalikomtazama kama mgeni aliyepotea njia. Sabum akasimama mbele, akanguruma, "Hana!" Ngumi ishirini zikarushwa. Mama hakurusha kitu. Ukumbini humo mtu mmoja asipofanya, hesabu inarudi mwanzo, kwa hiyo Sabum akanguruma tena, "Hana!"

Mama akaangalia kulia na kushoto. Kuna mtu hapa amepungukiwa na kitu, na kwa alivyozoea maisha yake yote, mtu huyo hakosi kuwa yeye. Kweli, hakuwa na vazi jeupe wala mkanda. "Hana!" kwa mara ya tatu. Akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Hana nini?"

Watu wakavunjika mbavu. Binti akajifunika uso kwa mikono miwili. Hana, kwa Kikorea, ni moja. Mtu wa watu alikuwa anahesabu tu.

Mama alishaanza kuinamia viatu vyake Sabum alipoinua mkono na kicheko kikakatika. "Mliocheka, pushapu ishirini," akasema. Kisha akawa wa kwanza kushuka chini. "Na mimi nimo. Mgeni sikumweleza chochote. Kosa ni la mwalimu." Akazipiga zote ishirini, akizihesabu kwa sauti, kipara kikimtoka jasho. Alipoinuka akamgeukia mama yule, halafu darasa.

"Huyu mama hana neno," akawaambia. "Hana neno kabisa." Kisha akamwambia yeye, "Na humu hatuombi samahani kwa kukosea. Tunasema 'tena', tunarudia."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuadhibiwa kwa ajili yake. Alirudi kesho yake bila mvua.

Ukimsikiliza leo anavyosimulia ufundishaji wa Sabum, utafikiri ni mganga. Fimbo hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni sheria. Ulichojifunza leo, umfundishe leo hii aliye nyuma yako, kwa hiyo fundi alijikuta akifundishwa teke na katoto kale ka miaka minane, kenye ukali wa askari jela. Mkanda ukilegea, unageuka, unampa mwalimu mgongo, unaufunga, ndipo unamrudia. Fundi alisita wiki nzima kumpa mkubwa wake mgongo, mpaka alipoelewa kwamba huko ndiko kumheshimu, asikuone ukiwa hujakamilika. Na kosa la ukumbini halitoki ukumbini. Sabum mwenyewe aliishika sheria hiyo kiasi kwamba hata mkewe hakuijua hadithi ya "hana nini". Mkewe huyo hakuwahi kukanyaga kule. Alisema mateke ya wanawe sita akiwa mjamzito yalimtosha. Jina lilitoroshwa na watoto, na watoto ni nani awezaye kuwafunga mdomo.

Kilichomshinda fundi ni ukelele. Kila ngumi ya mwisho hutoka na ukelele wa tumboni, na wake ulitoka kama mtu aliyemeza mbegu. Sabum hakumkaripia. Alisimama mbele yake, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasubiri kidogo, akasema "tena", akaenda kwa mwingine. Alifanya hivyo miezi saba. Mwezi wa nane, siku isiyo na lolote, fundi alifungua kinywa na sauti iliyotoka ikawafanya mbwa wa mtaa wa pili waanze kubweka. Alilia palepale kwenye turubai, akacheka, akalia tena. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu mmoja alidai sare arobaini ziwe tayari Jumatatu, akajibiwa "Haiwezekani," kwa neno moja, bila kuinama juu ya meza.

Akapata mkanda mweusi akiwa na miaka arobaini na minane. Siku ile alitaka kumwambia Sabum asante, asante ya kweli, ya kueleza alivyokuwa na alivyo. Akaishia kuinama tu kama wengine. Nitamwambia siku nyingine, akasema moyoni. Siku nyingine ikasogea miaka mitano.

Ndipo kiharusi kikamwangusha Sabum karakanani, koleo mkononi. Hospitali ilimtunza majuma mawili, ikamrudisha nyumbani upande wa kulia ukiwa umelala na maneno yote yamekwenda, isipokuwa moja.

Fundi alipoingia kumjulia hali, alimkuta amekalishwa kitandani na mito mitatu. Mkewe alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi. Dada yake Sabum, aliyefika kutoka mbali, alikuwa akikunja mashati na kuyapanga kwenye begi.

"Hana," akasema mgonjwa. "Hana. Hana."

"Unasikia, fundi?" mkewe akasema. "Ndiyo hivyo tangu siku ile. Namuuliza, nani hana, baba watoto? Hana nini? Nimeleta blanketi, nimeleta maji, nimemtaja mtoto mmojammoja, labda kuna aliyepungukiwa. Hajibu."

"Akili imeondoka, wifi," dada mtu akasema bila kushusha sauti, kama vile mwenyewe hayumo chumbani. "Tusijidanganye. Jumamosi naondoka naye, akae kwangu alale, alishwe, ajipumzikie. Mambo ya kumsumbua na mazoezi waliyoagiza hospitalini hayamfai mtu asiyejua lolote."

Mke akamrekebishia mgonjwa mito. Alikuwa amechoka kupita kubisha. Fundi akamtazama Sabum, akaona machozi yamejaa kwenye jicho la kushoto, na akaelewa kwamba mtu huyu anasikia kila neno, na Jumamosi atachukuliwa kama kabati.

"Hana," akasema Sabum.

Hakuwa akimtazama mtu yeyote. Alikuwa akikitazama kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia, juu ya shuka. Kidole hakikusogea. "Hana," akasema, akakitazama. Hakikusogea. "Hana."

Fundi akaikumbuka sheria ya ukumbini. Mtu mmoja asipofanya, hesabu inarudi mwanzo. Kumbe alikuwa mazoezini! Majuma mawili, asubuhi mpaka jioni, Sabum yuko mazoezini na kidole kimoja, na kwa kuwa kidole hakijatii, hajajipa ruhusa ya kufika mbili.

Akageuka, akampa mgonjwa mgongo, akakaza kitenge chake kiunoni. Dada mtu akaguna kwa utovu huo wa adabu. Kisha fundi akamrudia Sabum, akasimama wima, akainama kama inavyotakiwa, akaweka kiganja chake chini ya kile kidole.

"Hana!" akanguruma. Kikombe kikaanguka huko jikoni.

Kidole kikatetemeka.

"Tena! Hana!"

Kikajikunja. Kidogo tu, kama mtu anayekuna upele, lakini kikajikunja. Sabum akavuta pumzi ndefu, akasema kwa ulimi mzito, "Dul."

"Dul ndiyo mdudu gani tena?" dada mtu akauliza.

"Ni mbili, dada," fundi akasema, huku machozi yakimtiririka. "Na hana ni moja. Hajapoteza akili, anahesabu. Nyinyi mnamuuliza hana nini, na hata mimi siku ya kwanza nilimuuliza hivyohivyo."

Akawasimulia yote, sheria ya ukumbini akaivunja mbele ya mwenyewe. Mke alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akalia, akamshika mumewe shavu na kumwomba radhi kwa blanketi zote zile katikati ya joto. Begi likafunguliwa na mashati yakarudi msumarini.

Tangu hapo fundi alipita kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na jioni mke akashika zamu. Hesabu za Kikorea alizitamka vibaya mno, lakini alizitamka. Jumamosi ilipofika dada mtu akaondoka peke yake. Mlangoni akamnong'oneza wifi yake, nong'ono ya mtu asiyejua kunong'ona.

"Lakini huyu mama mwenye kelele ni mtu wa namna gani?"

Sabum alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Midomo ikahangaika, ikatafuta. "Hana," akasema. Wote wakasubiri dul. Haikuja. Akamnyooshea fundi mkono mzima wa kushoto. "Hana... neno."

Fundi akaona ile siku nyingine ndiyo hii. Akapiga magoti mbele ya kile kiti. "Asante, Sabum," akasema, kwa ile sauti yake ya zamani, ya kuinamiwa juu ya meza.

Sabum akainua mkono mzima taratibu, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Tena," akasema.

Basi akasema tena, kwa sauti aliyopewa na mtu huyo. Mbwa wa mtaa wa pili wakabweka, majirani wakatoka nje, na dada mtu akadondosha mkoba wake mlangoni. Sabum akainamisha kichwa kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha akakitazama kidole chake cha kulia na kuanza kuhesabu.