Fundi wa mafuvu anayeona kwa vidole

Saa mbili asubuhi, mwanamke aliyevaa aproni iliyokakamaa kwa plasta ameinama mezani, katika chumba cha nyuma cha makumbusho. Anaivuta kalibu ya mpira taratibu, kama mtu anayemvua soksi mtoto aliyelala. Fuvu jeupe linachomoka. Mwanamke halitazami. Amefumba macho, analipapasa kwa vidole gumba.

"Hapa pana kipovu," anasema, na kunyoosha mkono kuchukua msasa.

Ana miaka hamsini na miwili. Kazini wanamwita Mama Mafuvu, jina ambalo mumewe alilinunia mwaka mzima kabla ya kulizoea. Zamani alitengeneza meno ya bandia kwenye kliniki. Miaka tisa iliyopita makumbusho yalimchukua atengeneze nakala za mifupa ya watu wa kale.

Anayempenda zaidi ni mzee mmoja wa Neandathali, jamii ya binadamu iliyotoweka takribani miaka elfu arobaini iliyopita. Anamweka mezani karibu na fuvu la mtu wa leo.

"Huyu wa kwetu paji limesimama, kichwa mviringo," anaeleza. "Mwenzetu paji limelala, juu ya macho pana tuta, kisogo kimechomoza. Kidevu hana. Lakini ubongo wake haukuwa mdogo kuliko wetu! Mtu akimwita nyani nakasirika kabisa. Huyu ni binamu."

Wala hatii chumvi. Watafiti wamegundua kwamba jamii hizo mbili zilikutana na kuzaa pamoja, na watu wengi walio hai leo bado wamebeba urithi huo kidogo mwilini.

Miaka miwili iliyopita alianza kuona duara za rangi zikizunguka taa. Kisha akawa anagonga milango. Daktari alimwambia ni presha ya macho: jicho la kushoto limekwisha kwenda, la kulia linaweza kuokolewa kwa dawa, ingawa limebaki likiona kupitia uwazi mwembamba tu.

Akaficha kwa miezi minane.

"Mume wangu peke yake ndiye aliyejua," anasema. "Nilibeba makopo ya rangi hadi nyumbani, yeye akaandika majina kwenye vifuniko kwa herufi kubwa kama za bango la duka."

Siku moja vifuniko vikabadilishana. Mafuvu sita yaliyotakiwa kuwa na rangi ya mfupa yakatoka ya kijani. Mkuu wa idara akamwita.

"Nilijua kibarua kimeota nyasi. Nikamwambia yote, huku nalia."

Mkuu aligeuza fuvu moja la kijani mikononi. "Mama, ukipaka rangi unatumia macho," akasema. "Ukisafisha plasta, unatumia nini?"

"Vidole."

"Basi rangi atapaka mwingine. Kuna shule ya watoto wasioona, wametuandikia mara mbili wakiomba mafuvu ya kushika. Hao kijani hakiwasumbui."

Wanafunzi kumi na wanne walikuja wiki tatu baadaye. Binti mmoja wa miaka kama kumi na miwili alimng'ang'ania yule mzee wa Neandathali, hakutaka kumwachia mwenzake. Kidole chake kikasimama kwenye tundu la jicho la kushoto.

"Shangazi, hapa pamebonyea."

"Aliumia akiwa kijana. Inaelekea jicho hilo halikuona tena. Lakini mfupa ulipona, akaishi miaka mingi baada ya hapo."

"Nani alikuwa anamwelekeza njia?"

"Wenzake, mwanangu. Wataalamu wanasema peke yake asingefika uzee."

"Hao hao wasio na kidevu?"

"Hao hao."

Binti akalipapasa tena fuvu, polepole, kuanzia kisogoni. "Nilidhani walikuwa wakali," akasema.

Mama Mafuvu alitoka nje, akasimama koridoni, akapenga kamasi, akarudi. Binti akamgeukia. "Pole, Shangazi. Una mafua?"

"Nikasema ndiyo, nina mafua," anasimulia, akicheka na kufuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vimejaa unga wa plasta.

Tangu hapo amemaliza nakala ishirini na saba kwa ajili ya shule hiyo na nyingine mbili. Dawa za macho anatia asubuhi na jioni. Daktari hamwahidi kitu.

Kwa hiyo likizo ya mwisho wa mwaka ameipangia kazi yake binafsi: kuchukua sura za watu wake kwa plasta, ili azijue kwa mikono iwapo siku moja itambidi. Ataanza na wajukuu wawili, halafu mumewe.

"Mzee wangu amekubali," anasema. "Ila anataka atoke akitabasamu, na plasta inachukua dakika ishirini kuganda. Nimemwambia aanze mazoezi."