Kombe la Mavi ya Nguruwe

Juzi hapa kwetu Onduparaka, Uganda, bwana shamba alituonyesha sisi wafugaji mistari miwili ya grafu ukutani: nitrojeni inayotoka kwenye mavi ya nguruwe, Uganda na Kongo, mwaka hadi mwaka. Mstari wetu ulipoupita wa Kongo, ukumbi mzima uliruka kama bao limeingia. Hata mzee mmoja wa Kiislamu, aliyekuja kwa ajili ya mbuzi wake, alirusha kofia juu.

"Kaeni," bwana shamba akasema. "Hii iko mbolea inapotea hewani, sababu hatufuniki mavi."

Mama mmoja Mkongo, mfugaji mwenzetu, akakaza kitenge chake taratibu. "Basi kombe iko yenu," akasema. "Sisi tunabaki na mbolea."

Lundo langu nimeshalifunika kwa majani ya migomba. Kombe hilo natamani tupokonywe upesi.