Nilivyozama Kwenye Maji ya Kifuani

Haya, chekeni mapema tuimalize. Mimi, Mumbua, mwanamke mzima mwenye digrii ya uhasibu, nimewahi kuokolewa nisizame kwenye maji ambayo nikisimama yananifika kifuani. Tena mbele ya watu wa kanisa. Mkimaliza kucheka nitawaeleza nilifikaje mle majini, kwa sababu sikujitupa tu.

Nilikuwa nimebakisha somo moja, lolote lile la kujazia, nihitimu, halafu niombe OPT (kile kibali cha kufanya kazi kwa muda ambacho mwanafunzi wa kigeni hupata akishamaliza masomo), na Houston tayari kulikuwa na ofisi inanisubiri. Sasa mimi na akili zangu nikaona, ya nini kubaki chuoni Arlington, karibu na Dallas, kwa ajili ya somo moja? Nikachukua la mtandaoni, historia ya muziki, nikapakia vitu vyangu kwenye gari nikahamia Missouri City, pembeni mwa Houston, kwa Auntie Wanza, mdogo wake mama. Nilijiona mjanja!

Muhula haujaanza vizuri, simu ikalia. Alikuwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni, mama mpole ambaye upole wake ndio ulinitisha.

"Mumbua, somo likibaki moja, mwenye viza kama yako lazima akae darasani mwenyewe. Hilo la mtandaoni halihesabiki. Ukiliacha hivyo unapoteza hadhi yako ya mwanafunzi, na OPT usahau."

Nikamuuliza kuna darasa gani lenye nafasi. Nikamsikia akibofya, akibofya, kisha akaguna.

"Limebaki la kuogelea. La wanaoanza."

Kuogelea! Mtu wa Kitui! Kwetu maji tunayachota, tunayabeba, tunayaheshimu, hatuyaingii. Lakini ningefanya nini? Nikarudi kule upande wa Dallas, nikalala kwenye kochi la binamu yangu Mansfield, jirani na chuo, na kila asubuhi ya darasa nika-drive kwenda kupiga mateke majini pamoja na vijana waliotoka shule ya upili juzi, wanaoruka bwawani kama wanaingia sebuleni kwao, na mimi nimeng'ang'ania ukuta na kofia yangu ya kijani, napuliza mapovu. Nilijifunza, lakini. Polepole nilijifunza mpaka kuelea.

Kosa nililofanya ni kumwambia Auntie, "Niombee, nina mtihani wa mwisho." Sikusema wa nini (ningeanzia wapi?). Yeye akadhani ni ule wa kusimama mbele ya maprofesa na kueleza mambo makubwa. Akakusanya akina mama wawili wa kanisani kwake, wakavaa vitenge na viatu virefu, wakabeba keki, wakaondoka Houston alfajiri kuja kunishangilia, binamu akiwaelekeza jengo tu.

Mtihani ulikuwa kuvuka bwawa, ukuta hadi ukuta, bila kugusa chini. Nilikuwa nimefika katikati, naenda vizuri kabisa, niliposikia sauti ninayoijua ikigonga dari.

"Mumbua! Umevaa nini?"

Nikageuka kutazama, maji yakaingia puani, na yote niliyofundishwa yakatoka kichwani kwa mkupuo. Nikapiga kelele. "Nakufa! Mama yangu, nakufa!" Auntie ni nesi, hajawahi kuona mtu anakufa akatulia. Akatupa mkoba, akaruka na kitenge chake, kilemba na viatu, akanishika. Na mimi nikamshika kilemba, tukazama wote wawili tukivutana kama tunagombania kitu dukani. Mmoja wa wale akina mama akaanza kukemea shetani wa maji. Mwingine, ambaye alikuwa anarekodi ili mama yangu kule nyumbani aone binti yake akihitimu, hakuacha kurekodi.

Mwalimu wetu, msichana mdogo mwenye subira, akainama pembeni.

"Simameni," akasema.

Tukasimama. Kifuani.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, bwawa zima, na mwangwi wake. Mwalimu, kwa huruma, akasema anaweza kuandika kwamba sijamaliza, nirudie muhula ujao. Lakini kutomaliza muhula ule maana yake hakuna kuhitimu, hakuna OPT, na ile kazi anachukua mwingine.

Auntie, maji yanamchuruzika usoni, akaninong'oneza, "Twende nyumbani, mwanangu. Aibu imetosha."

"Auntie," nikamwambia, "toka majini."

Nikarudi ukutani. Nikalala chali, maana mwalimu hakukataza chali, nikaanza kujisukuma taratibu, macho darini, masikio ndani ya maji, sijui kama wanashangilia au wanacheka na wala sikutaka kujua. Nilijua nimefika kichwa kilipogonga ukuta. Puu! Sijawahi kuumia kwa utamu namna ile.

Nilifaulu. Kibali kikaja, na sasa niko Houston, nafanya kazi yangu. Video ilishatangulia, naambiwa kule Alief, mtaa wa hapa hapa Houston, inachekwa hadi saluni.

Nimeapa: sitahama tena mji kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na sitamwomba mtu maombi bila kumweleza ni ya nini. Hayo mawili nimekubali. Lakini mnaosubiri nione haya kwa sababu nililia mbele za watu, mtangoja sana. Nililia, nikapumua, nikaanza upya. Anayetaka kucheka acheke, mimi kesho asubuhi niko kazini.