RAM mpya na sauti ya mama Imelda

Leo kompyuta imenitisha kuliko nyoka wa shambani.

Nilibeba RAM yake ya zamani hadi Mbinga mjini, nikanunua ya aina ileile yenye uwezo mkubwa zaidi.
Nikaipachika, nikawasha.
Kioo cheusi, na mlio mrefu.

Mle ndani marehemu mke wangu anaimba Kimatengo. Sina nakala nyingine.

RAM ni meza ya kazi tu. Sauti zinakaa kabatini, yaani kwenye diski. Nimelifundisha hilo miaka mingi, lakini nilisita kuigusa tena.

Binti yangu Imelda akachungulia.
"Baba, umeipachika kwa kubembeleza kama mche wa kahawa. Kandamiza."
"Ikivunjika?"
"Kandamiza, Baba."

Nikakandamiza, ikalia ta. Nikawasha tena.

Kioo kimewaka, na faili la mama yake lipo.
Bado sijathubutu kulifungua. Wewe ungethubutu?