Viatu vya Mtasema

Aliyenitoa nyumbani safari hii ni mbwa. Anaitwa Mtasema, na ni wa dada yangu Somoe aliyeolewa Kilimarondo, kule Nachingwea ambako mashamba yamepakana na pori. Shemeji alikuwa mwindaji. Alipofariki alimwachia dada shamba la mahindi na mbwa huyo wa kufukuza nguruwe pori. Bila mbwa hakuna mahindi, na bila mahindi dada hana chakula cha mwaka.

Siku moja dada akapiga simu, akaniita mlongo, yaani ndugu, kama kawaida yake. "Mlongo wangu, Mtasema hakanyagi. Mbigili zimemla miguu. Nguruwe wameshaingia mara mbili, na mahindi ndiyo yanakomaa. Wewe si fundi viatu? Mshonee."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku ya tatu konda wa basi akaniletea kipande cha boksi chenye alama nne za majivu, nyayo za mbwa, moja moja kama zilivyo. Hapo nikaona aibu ya kucheka, nikakaa kazini. Nilikuwa na ngozi ya mbuzi wa Idi niliyokuwa nikiitunza. Nikailainisha kwa mafuta ya ufuta, nikashona viatu vinne vya kamba, vizuri mpaka mke wangu akavipanga mezani kuvitazama.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Mandawa kwa bodaboda, vumbi hadi kope. Ruangwa mjini nikapanda Kosta, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Nachingwea nakula ugali wa muhogo kwa kisamvu. Toka hapo hadi Kilimarondo nilimpata kijana wa bodaboda, Jafari. Aliniuliza nimebeba nini kwenye mfuko ninaoukumbatia hivyo.

"Viatu vya mbwa," nikamwambia.

Akasimamisha pikipiki ili acheke vizuri. "Duh! Fundi, mbwa wenu huko Ruangwa wanaenda ofisini?"

Hatukufika mbali, gurudumu la nyuma likaishiwa upepo. Jafari akachomoa mwiba wa mbigili mgumu kama msumari. Akabadilisha tyubu, ile mbovu akataka kuitupa. Nikaiomba nifungie mzigo. Fundi hatupi mpira.

Alasiri tukafika. Nilimwamkia dada, akaitika marahaba huku akinishika mabega yote mawili. Mtasema alikuwa amelala pembeni ya jiko la nje. Alinyanyua mkia mara moja, akauacha udondoke. Nyayo zake zilikuwa nyekundu, zimechanika, ingawa dada alishatoa miiba yote na kuziosha kwa maji ya chumvi. Nilimvalisha viatu, akatembea akinyanyua miguu juu juu kama anayekanyaga moto. Dada akacheka hadi akakaa chini.

Pale kwake mambo ya mbwa yana utaratibu. Kuna kanga moja kuukuu ya kumshikia mbwa tu, na kando ya mtungi kuna kopo la udongo safi. Mate yalikuwa yamenigusa, basi nikaosha mikono mara saba, moja kwa udongo, ndipo nikaenda kuswali.

"Mwache navyo avizoee," nilimwambia dada nilipomaliza. Hilo ndilo kosa langu.

Asubuhi viatu havikuwepo. Palikuwa na kamba mbili na kipande cha ngozi ukubwa wa kucha, na Mtasema akijilamba mdomo, ameshiba. Ngozi ya mbuzi, tena yenye mafuta ya ufuta! Dada aliviangalia vile vipande, akaniangalia mimi.

"Mlongo, hukumshonea viatu. Umempikia."

Jirani yake, Mzee Saidi, aliyekuwa akiwinda na shemeji, alikuja kusikia kisa na akarudi kumwita mkewe naye asikie. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa na woga. Nguruwe walikuwa wameingia tena alfajiri ile ile, wamelaza mistari miwili ya mahindi. Dada alikuwa ameyainua mabua moja moja, kana kwamba yangesimama tena.

Nikauliza kama ana gunia la korosho lililochakaa. Analo. Nikakata gunia kwa sehemu ya juu, ipitishe hewa, na ile tyubu ya Jafari nikaikunja mara mbili iwe soli. Mzee Saidi alinishauri nimpime mbwa akiwa amesimama, maana unyayo hupanuka ukibeba mwili. Kwa kamba dada alichana ile kanga ya mbwa. "Usikaze sana," Mzee akasema, "damu nayo ipite." Tulishona siku nzima, na jioni, baada ya kumjaribisha, tulimvua viatu tukaviweka juu ya dari.

Alfajiri ya siku ya tatu tulisikia mahindi yakivunjika. Dada alimfungia Mtasema viatu, akamwachia. Mbwa akajikwaa mara moja, mara mbili, kisha akasahau kwamba amevaa kitu. Alipita katikati ya mbigili akibweka. Tukasikia nguruwe wakikoroma, vichaka vikivunjika, sauti ikiishia ng'ambo ya korongo. Akarudi na viatu vitatu, ulimi nje, hachechemei. Dada alisema alhamdulillahi, akasema tena, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikashona kile cha nne pale pale.

Siku ya kuondoka dada alinisindikiza hadi barabarani, furushi la karanga kichwani. Kandambili yake ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa waya, na visigino vyake vilikuwa na nyufa nene. Nilipokuwa na miaka saba, mwiba uliniozesha mguu, na dada huyu alinibeba mgongoni toka kijijini hadi zahanati. Alitembea peku. Nimekuwa fundi viatu miaka mingi, na mguu wake sikuwahi kuupima hata siku moja.

Nilimwomba Jafari, aliyekuja kunichukua, azime pikipiki. Tukachota majivu penye jiko la mama muuza chai, nikatoa lile boksi la nyayo za mbwa, nikaligeuza. "Dada, kanyaga hapa."

"Mimi tena? Niende wapi na viatu?"

"Kanyaga, dada. Nakuomba."

Akakanyaga, kushoto na kulia, akitazama pembeni.

Nimerudi Mandawa. Watu wananiuliza kama kweli mbwa anavaa viatu, nawajibu ndiyo, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kutazama chini. Vya dada nilivishona kwa ngozi ya ng'ombe, soli nene, nikavituma kwa basi. Juzi akapiga simu.

"Mlongo wangu, vimenikaa. Nimetembea navyo hadi shambani na kurudi. Ila niambie kweli. Umevipaka mafuta ya ufuta? Mtasema hatoki mlangoni."