Karani na Mfumo wa Bure

Tangu kompyuta ya masjala ibadilishwe mfumo, karani haiamini kwa barua hata moja. Akishaandika, huihifadhi, huifunga, huifungua tena kuona kama bado ipo, kisha huichapisha na kuifungia kwenye droo ambayo ufunguo wake huning'inia shingoni mwake. Vidole vilivyozoea kupekua mafaili hukigusa kile kipanya kama vya mtu anayepima sufuria kama ni ya moto. Mfumo wa zamani ulinunuliwa. Huu umepakuliwa bure, na yeye amekua akisikia kuwa rahisi ni ghali, sembuse bure!

“Dada, huu hauna siri,” fundi wa kompyuta, mama mpole, alimwambia jana. “Yeyote anaweza kusoma ulivyotengenezwa.”

“Basi nisomee.”

Fundi alidhani ni mzaha, lakini karani alishavuta kiti. Maandishi ya watengenezaji yalipofunguliwa, alivaa miwani, akaegemeza rula kwenye kioo na kuishusha mstari kwa mstari, kama anavyokagua faili. Hakuelewa kitu, ila hakuruka mstari. Mahali fulani, kwenye mstari uliofanana na maneno ya watu, rula ikasimama.

“Hapa wamesemaje?”

Fundi akacheka kwa haya. “Aliyeandika anasema hapa hana uhakika. Anayejua zaidi amrekebishe.”

Karani akavua miwani.

“Na wale wa mfumo wa zamani,” akauliza polepole, “miaka yote ile walikuwa na uhakika, au hawakutaka tu nisome?”

Karani akauchapisha ukurasa ule, akaufungia kwenye droo.