Shakir Alivyonawishwa

Fairuz hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi sikuwahi kumshauri asamehe. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akangoja watu kukumbatiana.

Alizaliwa Kuze, Mombasa. Alikuja Dubai kufanya kazi za ndani, akapanda kidogo kidogo mpaka akawa na mgahawa wake kwenye kichochoro cha Deira, nyuma ya soko la viungo. Nikisema wake, ni kwa maana ya huku: leseni ilikuwa kwa jina la kafeel, mdhamini wake mwenyeji, lakini sufuria, mkono na jasho vilikuwa vya Fairuz. Alipika samaki wa kupaka, mbaazi, wali wa nazi, na kaimati ambazo Waarabu wa hapa nao huapa kwamba ni zao. Mimi, Auleria, mtu wa Bukoba, nilikuwa mhudumu wa meza, na tulikuwa tukimtania kwamba amevuka bahari kuja kuwauzia watu chakula chao wenyewe.

Aliyeujaza mgahawa huo ni Shakir wa Malindi. Shakir aliongoza watalii kwa matembezi ya siku moja ya mji wa kale. Asubuhi aliwapitisha katika nyumba za Al Fahidi, wakainua shingo kutazama minara ya kunasa upepo. Kisha aliwavusha hori, ule mkono wa bahari unaokata mji, kwa mashua ya abra, wakanusa iliki na zafarani sokoni. Mchana, wakiwa wameshachoka na kuta za zamani, aliwaleta kwetu kula. Wengi walikuwa Waingereza wastaafu, watu waliozoea huko kwao kwenda Jumapili kutazama ngome kuukuu na kumalizia kwa chai na keki. Mzee mmoja aliniambia kwamba ngome zote za mkoa wake amezisahau, ila kila mahali alipokula vizuri anapakumbuka mpaka leo. Nilipomweleza Fairuz maneno hayo, alifurahi siku nzima. Na kwa kuwa Shakir ndiye aliyeleta watu wa namna hiyo, alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja, akimwekea kichwa cha samaki na kumkaripia akichelewa.

Sasa sikiliza huyo mdogo wake alichomfanyia.

Siku moja ya joto kundi lake liliugua baada ya kutoka kwetu. Walitapika hotelini, wengine wakalazwa. Kampuni yake ya utalii ikamuuliza Shakir watu wake walikula wapi, naye bila hata kupepesa macho akasema kwa Fairuz, samaki. Wakaguzi walikuja, wakapekua mpaka chini ya friji, wakakuta jiko safi. Haikusaidia kitu. Shakir alikuwa ameshatuma sauti kwenye kundi la simu la waongoza watalii wote, kwa ule upole wake wa kinafiki: "Jamani, dada yetu namheshimu sana, lakini kwa sasa jiko lake tuliogope." Basi. Makundi yakakoma kuja, na kabla ya Ramadhani kafeel akasema khalas, akampa mtu mwingine duka. Fairuz alikabidhi funguo bila kulia. Mimi nililia kwa niaba yake, kisha nikamtukana Shakir mpaka nikaishiwa.

Ukweli tuliupata kwa Twaibu, Mganda aliyekuwa dereva wa Shakir kabla ya kuhamia kampuni ya mizigo Jebel Ali. Tulikutana naye kituo cha mabasi cha Rashidiya, akashindwa kumtazama Fairuz usoni.

"Mama, mimi niliona na macho yangu," alisema. "Sandwichi za kuku alinunua asubuhi, akaacha ndani ya gari, jua likapiga. Wazungu wakachelewa kwa zile manyumba, wakalia njaa. Akazitoa kwa gari akawagawie kwa abra. Mimi nikamwambia boss, hii kuku inanuka. Akasema nyamaza, endesha."

"Na mbona hukusema?" Fairuz akamuuliza.

"Nani angenisikia mimi?"

Hapo Twaibu hakukosea. Hakuna aliyekuwa tayari kumsikiliza dereva, wala mpishi aliyefungiwa. Fairuz alishukuru, akapanda basi, na tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu moyoni: Shakir aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, kilichowaumiza wale wageni. Hakutaka radhi, na mgahawa alijua haurudi. Alitaka jina la chakula chake lisafishwe na yule yule aliyelichafua.

Tulipata kazi wote wawili ng'ambo ya pili ya hori, katika nyumba ya kale iliyogeuzwa mkahawa. Madam mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiimarati anayependa mambo yafanywe kama zamani: wageni wanakaa chini kwenye mikeka uani, wanakula kwa mkono, sinia moja kwa wote. Fairuz akamwambia kwamba kwao anayealika watu kula huwanawisha kwanza, na anayenawishwa ameshakaribishwa. Madam alilipenda hilo. Basi kila mchana Fairuz alitoka jikoni na birika, beseni na taulo begani, akawanawisha wageni mmoja mmoja, nao wakapiga picha. Akirudi jikoni alikuwa anakanda unga utadhani ni shavu la mtu, na mimi nilijua la nani.

Waongoza watalii wana kosa lao moja. Wakipanga mahali pa kula wanapiga simu mapokezi, wanauliza choo, wanauliza kivuli, wanauliza basi litasimama wapi. Nani anapika, hawaulizi kamwe. Ndivyo Shakir alivyojileta mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa natandika mikeka nikamwona anaingia uani na Waingereza wake, kanzu nyeupe, tabasamu lile lile. Pembeni yake alikuwa mwenye kampuni, ambaye wote walimwita sir. Nilimsikia sir akimwambia madam mlangoni kwamba Shakir karibu atakuwa mkuu wa waongozaji wote, na leo amekuja kumtazama kazini.

Nilikimbia jikoni. "Dada, Shakir yuko nje. Tumtie mafuta ya nyonyo kwenye mchuzi wake."

Fairuz hakuacha hata kukoroga. "Weye una wazimu? Nikimtia kitu, nitakuwa nimemfanya msema kweli." Akafunika sufuria, akajifunga leso vizuri. "Pakua. Pakua yote, tena uzuri. Sinia iwe pale kabla sijatoka."

Nikapeleka sinia. Wali ulikuwa unatoa moshi, samaki amelala juu yake na nazi yake nzito. Wageni walijisogeza karibu kwa ile harufu. Ndipo Fairuz akatoka na birika. Shakir alipomwona, tabasamu lilimganda mdomoni, na mimi sitakuficha, nilisikia raha mpaka miguuni.

Fairuz alianza na bibi mzee kuliko wote, akafuata wengine, akamnawisha na sir, akimmiminia maji polepole na kumfuta kila kidole. Shakir alikuwa wa mwisho. Alishakunjua mikono yake juu ya beseni, kwa sababu mtu wa pwani hawezi kukaa mbele ya sinia bila kunawa. Fairuz akasimama mbele yake na birika mkononi, asimimine.

Sir akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo.

"Huyu ni ndugu yangu, sir," Fairuz akamjibu kwa Kiingereza chake cha jikoni, lakini kila neno likafika. "Mimi ndiye Fairuz wa Deira. Alisema chakula changu kiliwatia wageni wako hospitali." Kisha akamgeukia Shakir, bado kwa Kiingereza ili wote wasikie. "Mkono uliopika kule ndio uliopika hiki. Kama mimi ndiye niliyewaumiza wale, waambie hawa wainuke sasa hivi, uwaokoe. Kama si mimi, sema ni nini, nikunawishe."

Wageni waliokwisha kunyoosha mikono kwenye wali wakairudisha. Wote walikuwa wanamtazama Shakir. Akisema wainuke, siku yake ya kuonyesha kazi imekwisha, na madam angemtaka ushahidi. Akinyamaza wakala, basi amewalisha watu wake sumu mbele ya bosi. Nilimwona akitafuta njia ya tatu, na njia ya tatu haikuwepo.

"Dada, wallahi tutaongea baadaye," akanong'ona kwa Kiswahili.

"Maji yatapoa," Fairuz akasema.

Shakir akamtazama sir, akatazama beseni. "Zilikuwa sandwichi," akasema kwa Kiingereza. "Zilikaa garini kwenye jua. Mimi ndiye niliyewapa. Samaki hakuwa na kosa."

"Na uliniambia ni samaki," sir akasema.

"Niliogopa kazi yangu, sir."

"Na yake?" akauliza yule bibi mzee.

Fairuz alitimiza ahadi. Akammiminia maji kwa utaratibu ule ule, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, maji yakachuruzika mpaka birika likaisha. Lakini taulo alilitoa begani, akanipa mimi nilishike. Shakir akabaki ameinua mikono inayodondoka maji, akingoja. Fairuz akasema, sasa kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini kabisa, "Kwetu mtu hunawa kabla ya kula, na hunawa akishakula. Wewe ulishakula kwangu miaka yote. Inuka."

Akainuka. Sir hakumzuia, wala hakumtazama. Shakir alivuka ua kuelekea kwenye basi, akijifuta mikono kwenye kanzu yake nyeupe, na mlangoni alisimama kidogo kama mtu anayetarajia kuitwa. Hakuna aliyemwita.

Fairuz akaweka beseni chini. Nikajaza birika upya, nikamnawisha mimi mwenyewe, naye akakaa pale pale kwenye mkeka alipokuwa amekaa Shakir, akasema bismillahi, akamvunjia sir kipande cha kwanza cha samaki, na cha pili akala yeye.